Stepu ya Prado imekunjika ikabana mlango korongoni: naomba ushauri wa kinga za ubavuni kabla sijamlipa fundi

DaktariMifugo (Arusha)

Wakuu, heshima zenu, na shikamoo kwa wakubwa wote humu.

Nina Prado 120 ya dizeli, huu ni mwaka wa sita niko nayo. Kazi yangu ni chanjo za mifugo, kwa hiyo gari haikai mjini. Longido, Ketumbeine, Engaruka, Ngaresero mpaka kule chini ya Ol Doinyo Lengai, hiyo ndiyo njia yake. Nimeshainyanyua inchi 2, nikafunga tairi za njia mbovu na springi ngumu za nyuma. Ubavuni sikuwahi kugusa. Zilikuwepo stepu ilizokuja nazo, bomba linalong'aa na raba nyeusi ya kukanyagia, na miaka yote hiyo nimeamini kwamba ndizo kinga zenyewe.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka Engaruka kwenda Ngaresero. Usiku ilinyesha milimani, makorongo yakachimbika upya. Kwenye mojawapo njia ya kushukia ilikuwa imekatika, nikashuka kwa pembe. Tairi la mbele kushoto likapita, la nyuma halijafika, gari ikaketi kwa ubavu juu ya jiwe. Nikasikia mlio kama mtu anakanyaga debe. Nilirudi nyuma, nikatafuta pengine, nikavuka.

Ng'ambo nikataka kutoa boksi la chanjo kiti cha nyuma. Mlango haufunguki. Stepu ilikuwa imekunjika kwenda juu, bomba limeukandamiza mlango kwa chini, na kishikilio chake kimetoboa bodi, tundu la kupitisha kidole gumba. Msaidizi wangu alikuwa amekaa upande huohuo, akatokea mlango wa pili. Tangu siku ile nawaza: kama gari ingelala kwa ubavu wa kulia, au maji yangekuwa yanashuka korongoni, huyu kijana angetokea wapi? Bodi nitaziba. Hilo la mlango ndilo linaloninyima usingizi.

Sasa nina mafundi wawili. Mmoja anasema ninunue stepu nyingine "nzito". Wa pili anataka kunichomelea za bomba. Na kuna jambo la tatu: mama yangu ana miaka 74, magoti yanamsumbua, na kila mwezi nampeleka kliniki kwa gari hii. Bila pa kukanyaga hapandi. Je, kinga na kikanyagio vinaweza kuwa kitu kimoja? Nianzie wapi?

Foresta_Moro (Morogoro)

Pole sana mkuu, na mshukuru Mungu kijana ametoka salama. Naweka kambi hapa, maana nina Forester na nilikuwa nafikiria kufunga hizohizo. Nitauliza wakubwa wakishapita.

FundiMoto (Arusha)

Pole Daktari. Mimi ni mchomeleaji, nipo Unga Limited mwaka wa kumi na tisa sasa. Nianze na ulichokiona kwa macho yako: kishikilio kimetoboa bodi. Maana yake stepu ile ilikuwa imeshika bodi, haikushika chesi. Hapo ndipo mambo yote yanapogawanyika, mengine ni mapambo.

Gari kama Prado, Hilux, mkonga (zile Land Cruiser za 70), Patrol ya zamani, Jimny, hizi ni vitu viwili vilivyopandana. Chini chesi, juu bodi, katikati raba. Chesi ndiyo inayobeba. Ule ukingo wa chini ya milango ni bati lililokunjwa, unene wake haufiki milimita mbili. Ukitundika bomba pale, hata bomba lenyewe liwe nene kama mguu wa kitanda, jiwe likilisukuma juu litaingia na bati lake. Kwa hiyo huyo fundi wa "stepu nzito" muulize swali moja tu: inashika wapi? Akisema kwenye bodi, mshukuru uondoke.

Kinga yenyewe watu wa porini wanaiita slaida. Ni bomba linalokwenda sambamba na milango, lenye miguu iliyoshika chesi. Gari ikiketi, uzito unapita kwenye mguu unaingia kwenye chesi, bodi haiguswi.

Bomba sasa. Usichukue la kutengenezea viti au madirisha, lile la milimita moja na nusu, linakunjika kama bua la mtama. Chukua bomba jeusi la inchi moja na nusu, daraja la kati. Kipenyo cha nje ni milimita 48.3, unene wa ukuta 3.2. Daraja zito lina ukuta wa milimita 4.0, ni zuri zaidi ila lina uzito wake. Nenda dukani na kalipa upime mdomo wa bomba mwenyewe, kwa sababu jepesi na la kati kwa macho ni mapacha. Mita moja ya daraja la kati ina kama kilo 3 na nusu.

Hesabu ya gari lako: kila upande bomba mbili, la ndani na la nje, kama mita 1.75 kila moja. Miguu minne kila upande, isipungue hapo. Jumla utakula kama mita 9 na kitu, kwa hiyo nunua vipande viwili vya mita 6. Kila mguu unakaa kwenye plati ya milimita 6. Ukijumlisha na bati la kukanyagia, pande zote mbili zitafika kilo 45 hadi 50. Huo ni mzigo, uuhesabu pamoja na majokofu yako ya chanjo.

Na kipimo cha kazi ni jeki. Kabla hujalipa salio, weka jeki katikati ya slaida na unyanyue mpaka tairi zote mbili za upande huo ziachane na ardhi. Prado ni tani mbili na ushee, kwa hiyo bomba limebeba tani moja na zaidi. Pima kwa rula nafasi kati ya bomba na bodi kabla ya kunyanyua, pima ikiwa juu, teremsha upime tena. Ikirudi palepale, mlipe fundi. Isiporudi, chuma kimekunjika moja kwa moja, na kama kimekunjika kwa jeki inayopanda taratibu, kwenye jiwe hakitakufaa. Mimi mteja nafanya naye kipimo hiki mbele ya macho yake. Fundi anayekataa jeki anajijua.

Mimi huchomelea miguu moja kwa moja kwenye chesi. Haitikisiki.

Mzee_Mkonga (Karatu)

Hamjambo wanangu. Nimeendesha miaka 31, serikalini, kwenye miradi, mwishoni utalii. FundiMoto amesema vizuri sana mpaka pale mwisho. Hapo naomba nimzuie kidogo.

Miaka ya tisini nilikabidhiwa mkonga 75 iliyochomelewa slaida na karakana moja ambayo siitaji. Rodi ilipigwa kutoka juu ya chesi mpaka chini, mstari uliosimama, mguu wa kwanza mpaka wa mwisho. Ilikuwa imara kweli, tuliisifia. Tukaenda nayo Loliondo msimu mmoja. Siku moja nikiwa chini ya gari natafuta mafuta yanakovujia, nikaona mstari wa kutu mwembamba kama unywele pembeni mwa mguu wa tatu. Nikaupangusa kwa kitambaa chenye dizeli. Ulikuwa ufa. Ulianzia palepale rodi ilipoishia, ukapanda nusu ya kimo cha chesi. Ningekwenda nao wiki nyingine moja na mzigo, gari ingekatika.

Chesi imeumbwa ijipinde kidogo. Ukiibana kwa moto mahali pamoja, mpindo wote unahamia pembeni ya pale. Mimi tangu hapo nimetaka bolti.

FundiMoto

Shikamoo Mzee. Siwezi kubisha na ufa ulioonekana kwa macho. Nifafanue ninavyofanya, halafu Daktari achague.

Ule mstari uliosimama ndio kosa. Chesi haichomelewi kwa kuikata kutoka juu kwenda chini. Kwanza unaweka kiraka cha plati chenye pembe zilizoviringwa, moto unapita kwa urefu wa chesi, juu na chini ya kiraka, ncha zake zinaachwa wazi. Halafu mguu unachomelewa kwenye kiraka, mbali na chesi yenyewe. Na rodi ziwe 7018 zilizokaushwa, kwa sababu rodi hizo zikishika unyevu weldi inapata matundu na inapasuka. Vituo vyote viwili vya betri vitolewe, nyaya za umeme, mabomba ya breki na ya mafuta yasogezwe. Kuna mahali nimekuta mtu anachomelea sentimita tano kutoka bomba la dizeli. Nilimwambia azime.

Lakini kwa Prado ya Daktari nakubaliana na Mzee, tufunge kwa bolti. Gari hiyo ataiuza siku moja, na slaida ikikunjika porini atataka kuifungua, anyooshe, arudishe. Plati inakaa ubavuni mwa chesi, nyingine upande wa pili, bolti za milimita 12 zenye alama 8.8 kichwani zinapita juu na chini ya chesi bila kutoboa chochote. Ili isiteleze kwenda nyuma au mbele, mguu mmoja uutafutie tundu la kiwandani lililo kwenye chesi. Tusitoboe jipya. Ukishatembea kilomita 500 za kwanza, rudi na spana ukaze zote upya.

Na kwa wenye Prado 150 zenye KDSS (mfumo wa Toyota wa kupunguza kuyumba kwa gari): kuna valvu na mabomba ya haidroliki yamepita kwenye chesi. Angalieni kabla ya kukata chuma, kuna miguu itakayobidi ihamishwe.

Mzee_Mkonga

Marahaba. Hapo tumeelewana.

Nanyuki_79 (Kenya)

Daktari pole kwa hiyo shida. Salamu kutoka Nanyuki. Mimi niko na Land Cruiser 79, napeleka mizigo Isiolo, Laisamis mpaka Loyangalani, na huko mwisho ni mawe ya volkeno tupu, meusi, makali kama chupa.

Wenzangu wameongea juu ya nguvu ya bomba. Mimi niongeze umbo, kwa sababu fundi wa jua kali anaweza kukupa chuma kizito na umbo baya.

Moja, slaida isining'inie. Watu wengi wanaishusha chini ndiyo iwe rahisi kupanda. Kila sentimita unayoishusha ni sentimita umekata kwa tumbo la gari, na hapo katikati ya magurudumu ndipo gari hukaa kwanza ikivuka kilima kifupi au ukingo wa lagha (mto mkavu). Miguu itoke kwa chesi ikipanda kidogo kwenda nje, digrii 10 au 15, hadi bomba la nje likaribie bodi bila kuigusa. Bila kuigusa ni muhimu sana. Bodi inacheza juu ya raba zake. Acha milimita 20 au zaidi. Jirani yangu aliacha nafasi ya kidole kidogo tu, na kila akipita barabara ya murramu yenye mawimbi kama mabati alikuwa anasikia kelele kwa mlango. Rangi iliisha, kutu ikaingia.

Mbili, nyuma ya slaida, karibu na gurudumu la nyuma, bomba la nje lipanuke kidogo kwenda nje. Huku kwetu na kwenu adui si jiwe peke yake, ni kisiki na mti wa mgunga. Ukiwa kwa matope gari inateleza kando mpaka inalala kwa mti. Ile sehemu iliyopanuka inagusa mti kwanza na kusukuma nyuma ya gari mbali nao ukiendelea kusonga. Ukienda kuona magari ya Rhino Charge, yale mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa Aberdare, angalia ubavu wa yale yamezeeka kwa mchezo. Utaona mahali chuma kimekwaruzwa. Hapo utasoma kila kitu.

Tatu, ncha zote zizibwe na ziviringwe. Kuna watu wa miguu na boda boda barabarani.

MbugaSimiyu (Meatu)

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, tunatembea na mkonga 78 kwenye kliniki ya vijijini. Huku kwetu hatuna mawe, tuna mbuga, udongo mweusi. Anayejua mbuga ya mwezi wa tatu anajua ninachosema: gari haizami tu, inabebwa kwenda pembeni mpaka kwenye mtaro.

Naomba kuongelea kikanyagio, kwa sababu naona wanaume mnakipita haraka.

Gari letu liliwekewa slaida nzuri, imeshika chesi, na juu yake bati la vipele lililozibwa kabisa toka bomba la ndani mpaka la nje. Kiangazi lilikuwa zuri. Masika udongo ukajaa kati ya bati na bodi, ukabanwa, ukakauka. Tukiosha gari maji hayapiti. Chini ya udongo ule rangi ilikuwa inavimba. Lakini hilo ni la bodi. Siku moja tulimchukua mama mjamzito wa miezi minane. Bati limejaa tope jembamba, kama sabuni. Aliweka mguu, ukateleza, akaning'inia kwenye mkono wangu na kwenye mlango. Hakuumia. Mimi mikono ilitetemeka mpaka tunafika.

Kesho yake niliomba bati lile likatwe. Likawekwa la matundu, yale matundu yaliyobanwa juu yakaacha meno. Tope linadondoka chini lenyewe, na soli ya kiatu inashikwa. Upana wa kukanyagia ni sentimita 12, mguu mzima unakaa. Ukitengeneza la sentimita 6 mtu anakanyaga kwa vidole, na mgonjwa hawezi kupanda kwa vidole. Juu ya mlango pia wekeni kishikio cha mkono, kwa sababu anayepanda kwa shida anavuta kwa mkono kabla hajasukuma kwa mguu.

Daktari, kwa mama yako usipime kwa rula kwanza. Mpime mama mwenyewe.

DaktariMifugo

Dada, ahsante kwa hili, limeniingia. Nimefanya leo jioni.

Nimechukua tofali za saruji za inchi 6 nikazilaza uani, halafu nikamwomba mama apande akiwa amenishika bega. Tofali moja, sentimita 15, hakuona kitu. Mbili, sentimita 30, alipanda kwa goti la kulia, la kushoto akagoma. Tatu, 45, alinyanyua mguu akaurudisha chini, akaniambia, "Mwanangu, hapa unanipandisha mti." Nikatoa.

Nikapima gari. Kwa namna FundiMoto na kaka wa Nanyuki wanavyoeleza, juu ya slaida itakuwa sentimita 46 kutoka chini. Sakafu ya mlango ni 63. Kwa hiyo slaida peke yake haimtoshi mama. Niishushe?

Nanyuki_79

Usiishushe. Ukishusha mpaka 30 umerudi kwa ile stepu ya kwanza, na korongo ni lilelile.

Mzee_Mkonga

Daktari, katika utalii tulikuwa na wageni wazee kuliko mama yako. Gari zilikuwa juu kuliko Prado. Hatukushusha chuma, tulibeba kigoda. Cha mbao, pana, miguu minne iliyotawanyika, raba ya tairi imepigiliwa chini ya kila mguu. Mgeni anakanyaga kigoda, anakanyaga slaida, anaingia. Ngazi tatu ndogo badala ya moja kubwa. Kigoda kinarudi ndani, gari inabaki na kimo chake. Kwa miaka ile yote sikuona mzee aliyeshindwa.

PwaniPangani (Tanga)

Assalaam alaykum. Nimesoma uzi wote na nimefaidika. Mimi ni mwalimu wa kemia, gari yangu inalala mita mia tatu kutoka baharini, kwa hiyo nichangie kutu.

Bomba lililozibwa ncha zote bila tundu ni mtungi. Mvuke unaingia kwenye weldi yenye kasoro ndogo, unageuka maji, hayatoki. Nje rangi inang'aa, ndani chuma kinaliwa. Toboa tundu dogo la milimita 8 upande wa chini wa kila bomba, karibu na kila ncha, halafu puliza nta ya kuzuia kutu ndani. Anayetaka kuziba kabisa awe na uhakika na kila weldi.

Wapo watakaosema chukua bomba la maji lenye zinki uepuke kutu. Zinki lazima isagwe kwa grenda pale panapochomelewa, la sivyo weldi inaharibika na moshi ule mweupe unampa fundi homa na baridi usiku kucha. Ukishasaga, kinga imetoka pale penye weldi, mahali inapohitajika kuliko pote. Bora bomba jeusi, rangi ya msingi yenye zinki, kisha rangi nyeusi ya kawaida ambayo ukichubua leo kesho unapaka kwa brashi.

Sasa Daktari, nimeona unakwenda Ngaresero. Kuna mtu atakuuzia stepu za aluminiamu kwa sababu ni nyepesi na hazishiki kutu. Huku baharini zina shida yake: aluminiamu ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, ndiyo inayoliwa, hasa kuzunguka bolti. Kwako ni mbaya zaidi. Ziwa Natron ni magadi. Magadi ni alkali, na alkali kali inakula aluminiamu, inayeyusha ule utando mwembamba unaoikinga. Tope la kando ya ziwa likikauka kwenye stepu hizo na likalowa tena, kazi inaendelea usiku umelala. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi kitakufaa zaidi huko, ila ukirudi Arusha osha chini ya gari kwa maji mengi siku hiyohiyo, usingoje Jumamosi.

DaktariMifugo

Waalaykum salaam mwalimu. Hilo la magadi na aluminiamu sikulijua, na kweli fundi wa kwanza, yule wa stepu "nzito", kumbe alikuwa ananiuzia za aluminiamu. Nimempigia simu nimemshukuru.

Foresta_Moro

Naomba sasa swali langu. Forester, njia ya Matombo na Kisaki. Slaida inawezekana?

FundiMoto

Kaka, Forester haina chesi ya namna hii. Bodi yenyewe ndiyo mfupa. Vivyo hivyo RAV4, Harrier, X-Trail za sasa. Hakuna reli ya kushika miguu, na ukifunga miguu kwenye sakafu utapata kile kilichompata Daktari, ila kwako kitakuwa kimechana mfupa wa gari. Zipo zilizotengenezwa zishike kwenye nukta za kiwandani na kutandaza uzito kwa plati ndefu, zinasaidia dhidi ya matawi na mikwaruzo. Usizinyanyulie gari.

Kwa pesa hiyohiyo weka bamba la chuma chini ya injini na gia, na tairi zenye ukuta mgumu. Korongo likikuonyesha jiwe lililo juu kuliko tumbo la gari, shuka ulijaze mawe au ugeuze.

Foresta_Moro

Nimeelewa. Ahsante kwa kunisema ukweli kabla sijatoa hela.

MbugaSimiyu

Daktari, fundi akimaliza rudi utuambie. Tunasubiri.

DaktariMifugo

Nimerudi, wiki ya tano leo.

Kazi ilichukua siku tatu. Bomba daraja la kati, nililipima kwa kalipa dukani. La kwanza walilonitolea lilikuwa na ukuta wa 2.6, nikalirudisha, muuzaji akatoa jingine bila neno. Miguu minne kila upande, imefungwa kwa bolti, mguu wa pili umeshika tundu la kiwandani. Bati la matundu yenye meno, upana sentimita 12. Matundu ya kutolea maji yapo. Nyuma bomba limepanuka sentimita 7.

Kipimo cha jeki tulifanya wote wawili, mimi na fundi, na vijana wa karakana wamezunguka. Nafasi kati ya bomba na bodi ilikuwa milimita 22. Tairi mbili zikiwa hewani, 18. Tukateremsha: 22. Upande wa pili 23, 18, 23. Nikamlipa palepale. Angalizo kwa atakayerudia: jeki ndefu inateleza kwenye bomba la mviringo. Fundi aliongeza vipande viwili vya plati vilivyosimama chini ya bomba kama masikio, jeki inakaa katikati yake. Na chini yake weka ubao, na mtu asiingie chini ya gari kwa sababu yoyote.

Juzi nimepita korongo lilelile. Njia bado imekatika. Nilimshusha msaidizi aniongoze, nikaenda polepole kwa gia ya chini. Gari ikaketi upande uleule wa kushoto, nikasikia chuma kinasugua jiwe, mlio mzito, wa chini. Sikurudi nyuma. Niliacha iteleze juu ya bomba mpaka tairi la nyuma likashika. Ng'ambo nikazima injini nikaenda kwenye mlango wa nyuma kabla ya yote. Ukafunguka kwa kidole kimoja. Kwenye bomba kuna mkwaruzo wa urefu wa kiganja, rangi imetoka mpaka chuma cheupe. Miguu haijasogea, bolti nimezikagua moja moja. Hapo palipochubuka nimeshapaka.

Mama naye. Kigoda kimetengenezwa na seremala wa mtaani, mninga, kimo sentimita 24, raba ya tairi chini kama Mzee alivyoelekeza. Jumanne tulikwenda kliniki. Alikanyaga kigoda, akashika kishikio, akakanyaga slaida, akaketi. Akaniuliza kigoda anabaki nacho nani huko nje. Nimekifunga kamba ya katani ya mita moja na nusu, ncha nyingine anaishika yeye, na akishakaa anakivuta ndani mwenyewe.